Jinsi ya kumtafuta baba asiyejulikana kwenye ukoo wa wachimba makaa ya mawe wa Uingereza

Baba mkwe wangu alifariki na swali lake moja halijajibiwa. Kwao ni Durham, kaskazini mashariki ya Uingereza, watu wa makaa ya mawe, baba anashuka shimoni na mtoto anamfuata, na hilo jina la ukoo wanalotumia, ambalo hata wanangu wanalo kwenye pasipoti zao, mzee alijua tangu utotoni kwamba halikutoka kwa mwanaume. Lilitoka kwa binti mmoja aliyezaa kabla hajaolewa, miaka ya 1850. Mtoto huyo ndo babu wa baba yake mzee. Sasa baba wa mtoto alikuwa nani, hapo kila shangazi alikuwa ananyamaza, na mzee aliniomba nimtafutie kwasababu aliona mie napenda kukaa na makaratasi.

Nimekaa na hili jambo miaka minne sasa. Naandika kwa Waswahili wenzangu mlioolewa au kuoa huku Uingereza, na wale mliokulia huku mna babu Muingereza, maana najua wengi mnaanza kutafuta ukoo mnafika kwenye mtoto asiye na baba mnaishia hapo, au mbaya zaidi mnachukua jina la kwanza mlilolikuta kwenye mti wa ukoo wa mtu mwingine mnabandika. Msifanye hivyo. Inawezekana kufika mbali kuliko mnavyodhani ila kuna mpangilio wake.

Na kabla ya hatua yoyote shika hili: usianze na baba. Anza na mama. Siri ya mtungi aijuaye kata, na huyu mama ndo kata yetu, yeye ndo ameacha alama kwenye kila karatasi, baba anaweza asiwe na hata moja. La pili, kila karatasi utakayoishika kuna mtu aliongea na kuna karani aliandika. Kwahiyo usiulize tu karatasi inasema nini, uliza nani alisema, siku gani, na alikuwa na sababu gani ya kusema hivyo.

Hatua ya 1: Wazee walio hai

Hii ndo ya haraka kupotea kwahiyo ifanye wiki hii. Mtafute mtu mzee kuliko wote kwenye familia, kaa naye peke yake, usimuulize "je babu alikuwa mtoto wa nje ya ndoa" maana atafunga mdomo, muulize nani alimlea babu, alikuwa anamwita nani mama, aliishi nyumba ya nani. Wazee wa huku wana aibu na haya mambo kama wazee wetu tu. Picha za zamani zigeuze nyuma upige picha maandishi. Biblia ya familia ukiipata angalia ukurasa wa mbele walikuwa wanaandika waliozaliwa na waliokufa.

Kwetu ni shangazi wa mume wangu aliyesema neno moja tu, kwamba babu alikuwa anamwita mama yake mzazi kwa jina lake, kama dada. Hilo neno moja lilinifungulia kila kitu.

Hatua ya 2: Cheti cha kuzaliwa, kisome mpaka koma

Uingereza na Wales usajili wa serikali ulianza tarehe 1 Julai 1837. Kabla ya hapo ni rejesta za makanisa tu. Kuna saiti inaitwa FreeBMD, imejazwa na watu wa kujitolea, ni bure, utapata faharasa ya vizazi, ndoa na vifo kwa robo za mwaka na wilaya ya usajili. Ila kwa kazi hii yetu nenda kwenye faharasa ya ofisi kuu ya usajili yenyewe, GRO, unafungua akaunti bure, kwasababu ile ya GRO imeongezewa jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa kuanzia 1837, wakati faharasa ya zamani jina hilo linaanza robo ya tatu ya 1911. Na hapa kuna kitu muhimu sana: kama sehemu ya jina la mama ina kistari tu basi mara nyingi mtoto amezaliwa nje ya ndoa na jina alilosajiliwa nalo ni la mama mwenyewe. Ukiona kistari, umepata mlango.

Faharasa lakini sio cheti. Nunua cheti au picha yake ya kidijitali ambayo ni rahisi zaidi. Ukishaipata angalia hivi.

Sehemu ya baba iko tupu? Basi hawakuoana, au mama hakutaka kusema, au alisema na msajili akakataa kuandika. Kuanzia 1875 sheria ilikuwa wazi, jina la baba ambaye hajamuoa mama linaingia tu kama amekuja mwenyewe pamoja na mama na wote wawili wamesaini. Kwahiyo ukikuta cheti cha 1880 kina baba na chini kuna saini mbili zenye majina tofauti ya ukoo, huyo baba alikubali mbele ya msajili, huo ni ushahidi mzuri sana. Miaka ya mwanzo kabisa, kabla ya 1850 hivi, mambo yalikuwa vurugu, utakuta jina la baba limeandikwa kwasababu mama katamka tu.

Sehemu ya mama soma maneno madogo. Ukikuta mama ameandikwa jina, halafu "late" jina lingine, halafu "formerly" jina la tatu, maana yake ni kwamba "formerly" ndo jina la kwao na "late" ni la mume wa kabla ya huyu wa sasa. Watu wengi wanapita hapo bila kuona na hapo ndo kuna mume wa kwanza aliyekufa mgodini.

Nani aliyetoa taarifa? Bibi wa mtoto? Jirani? Kama kuna neno "the mark of" na msalaba basi mara nyingi huyo mtu hajui kuandika, pengine hakuweza kusoma alichoandika karani, na tahajia ya majina ni ya karani sio yake. Na mtoto kazaliwa wapi? Nyumbani kwa wazazi wa mama, nyumba ya maskini, au kwenye nyumba ya watu ambako binti alikuwa mtumishi wa ndani? Kila moja ni stori tofauti.

Halafu jina la katikati. Wachimba makaa wa wakati ule walikuwa wakiitana John, Thomas, William, George, basi ukiona mtoto asiye na baba kapewa jina la katikati ambalo ni jina la ukoo, lisilo la bibi yake wala la babu yake, andika pembeni kwa kalamu nyekundu. Mama ambaye hakuruhusiwa kuandika jina la baba alikuwa analificha pale. Sio kila mara, wengine walimpa mtoto jina la daktari au mchungaji, ila ndo dalili bora kuliko zote kwenye cheti chenye nafasi tupu. Kwa babu yetu lilikuwepo, na nilikaa nalo mwaka mzima nikidhani ni jina la bibi mzaa bibi.

Kitu kingine, tarehe. Sheria ilitoa siku 42 kusajili, ukichelewa unalipa, kwahiyo wapo waliosogeza siku ya kuzaliwa mbele. Na kabla ya 1875 hapakuwa na adhabu ya maana kwa mzazi asiyesajili kwahiyo wapo watoto hawakusajiliwa kabisa. Ukikosa cheti usilie, endelea.

Hatua ya 3: Cheti cha ndoa cha huyo mtoto alipokua

Kuanzia 1837 cheti cha ndoa kinataka jina la baba wa bwana harusi na wa bibi harusi na kazi zao. Sasa fikiria kijana umesimama mbele ya wakwe zako na mchungaji anakuuliza baba yako ni nani. Wengi walitaja babu yao aliyewalea. Wengine wakataja baba wa kambo. Wengine wakatunga mtu kabisa, wakampa jina la kwanza la kweli na jina la ukoo la mama, mchimba makaa, marehemu. Na wachache waliruhusu mstari upigwe, hao walikuwa jasiri.

Kwahiyo jina la baba kwenye cheti cha ndoa usilitupe na usiliamini. Lilinganishe. Kama kijana ana ndoa mbili maishani na ametaja baba wawili tofauti ujue kuna kitu, na yule wa ndoa ya pili, baada ya bibi na babu kufa, mara nyingi ndo karibu na ukweli. Angalia na mashahidi pia, wale wanaosaini chini. Ndugu wa upande wa baba asiyetajwa wanaweza kuwepo hapo.

Hatua ya 4: Sensa, moja baada ya nyingine, usiruke hata moja

Sensa za Uingereza ni kila miaka 10 na zenye majina zinaanza 1841. Ile ya 1841 ni dhaifu, haisemi nani ni nani ndani ya nyumba, na watu wazima zaidi ya miaka 15 umri wao ulitakiwa kushushwa hadi kwenye tano ya chini, yaani mwenye 34 anaandikwa 30. Kuanzia 1851 unapata uhusiano na mkuu wa nyumba na mahali pa kuzaliwa. Saiti ya FamilySearch ni bure, Ancestry na Findmypast ni za kulipia ila maktaba nyingi za umma huku wanazo unatumia bure ukiwa ndani, ulizeni, watu hawajui.

Cha kutafuta ni bibi anayezaa uzeeni. Mwanamke wa miaka 51 ana mtoto wa miaka 3, na mtoto wake mwingine wa juu ana miaka 14, na kuna binti mkubwa wa 21 yumo humohumo ndani au ametoka kwenda kufanya kazi kijiji cha jirani. Huyo mdogo karibu hakika ni wa binti. Na sisi hatuhitaji kuelezwa hili, kwetu nani hajamuona bibi analea mjukuu na mtoto anakua anamwita bibi mama na mama anamwita dada? Ndivyo ilivyokuwa kwetu Durham. Sensa ya 1861 babu yetu kaandikwa mtoto, ya 1871 kaandikwa mjukuu, nyumba ileile, babu yuleyule. Baina ya hizo sensa mbili kuna mtu aliamua kusema ukweli au kuna karani aliyeuliza vizuri zaidi.

Tahadhari ya lugha hapa, maana inawapoteza hata Waingereza wenyewe. Zamani neno "son-in-law" kwenye sensa linaweza kuwa na maana ya mtoto wa kambo, sio mkwe. Ukikuta "son-in-law" wa miaka 6 sio kosa, ni mtoto aliyekuja na mama yake. Nao watoto wa kambo mara nyingi wanaandikwa kwa jina la baba wa kambo sensa hii, na sensa ijayo wakiwa wakubwa wanarudi kwenye jina lao. Kuasili mtoto kisheria hakukuwepo Uingereza hadi sheria ya 1926, kwahiyo mtoto kubadilisha jina kulikuwa kunatokea tu nyumbani bila karatasi.

Na kuna bahati moja ambayo nakuombea uipate. Sensa ya 1851 ilikuwa usiku wa tarehe 30 Machi. Ya 1861 tarehe 7 Aprili. Ya 1881 tarehe 3 Aprili. Mimba ni wiki 38 hivi tangu itungwe, kwahiyo kama mtoto wako alizaliwa karibu na krismasi ya mwaka wa sensa, basi ile sensa ni kama picha ya kijiji wiki ileile mimba ilipoingia. Usisome nyumba ya mama peke yake, soma mtaa mzima, soma wapangaji wote vijana, andika wote.

Hatua ya 5: Ubatizo

Fupi. Kuanzia 1813 rejesta za kanisa la Anglikana zina fomu iliyochapishwa yenye majina ya wazazi, makazi na kazi ya baba. Mtoto wa nje anaandikwa mama tu, pembeni neno kama "base" au "illegitimate" au mama anaitwa "single woman". Mara chache sana mchungaji anaandika na baba anayesemekana, "reputed father", ukiipata hiyo piga sujudu. Ila wachimba migodi wengi hawakuwa Waanglikana, Durham yote ilijaa Wamethodisti, hasa wale Primitive Methodist, na Cornwall, kusini magharibi ya Uingereza, kulikuwa na dhehebu la Bible Christians, kwahiyo tafuta na rejesta za chapeli. Na angalia ubatizo wa kuchelewa, familia nzima watoto wanne wanabatizwa siku moja, mara nyingi ni mama ameolewa sasa na mume mpya anawaweka wote chini ya jina lake.

Hatua ya 6: Uelewe mgodi, la sivyo hutaelewa familia

Hapa naomba usiharakishe. Watu wanatafuta majina bila kujua maisha, ndo maana wanakwama.

Durham na Northumberland mchimba makaa alikuwa anafungwa na mkataba wa mwaka, wenyewe wakiuita bond, alisaini au kuweka alama yake, na ulidumu mpaka 1872. Mwaka ukiisha anaweza kuhamia mgodi mwingine wenye malipo bora, na familia inapakia vitu kwenye mkokoteni inaondoka. Ndo maana sensa inaonyesha watoto watano wamezaliwa vijiji vitano. Zile sehemu za kuzaliwa zipange kwa miaka, utapata ramani ya familia ilikuwa wapi kila mwaka. Halafu fanya vivyo hivyo kwa kila mwanaume unayemshuku. Je waliwahi kuwa kijiji kimoja miezi tisa kabla ya mtoto? Kama hawakuwahi, mfute. Ramani za zamani za Ordnance Survey, shirika la ramani la serikali, ziko bure kwenye saiti ya maktaba ya taifa ya Scotland, unaona mgodi, safu za nyumba, chapeli, na unapima kwa macho mtu angeweza kutembea kutoka wapi hadi wapi.

Nyumba ilikuwa ya mgodi. Mchimba mwenye familia anapewa nyumba na makaa kama sehemu ya malipo. Sasa mume akifa shimoni, mjane asiye na mtoto wa kiume anayefanya kazi mgodini hana haki ya nyumba. Anafanyaje? Anarudi kwa wazazi, au anapokea wapangaji vijana kama mgodi unamruhusu kubaki, au anaolewa haraka. Sio uhuni, ni paa. Kwahiyo ukiona mjane kaolewa miezi sita baada ya mazishi na mtoto anazaliwa katikati, huyo mtoto anaweza kuwa wa marehemu, wa mume mpya, au wa mpangaji, na cheti kitasema kile kilichomsaidia mama kuishi. Nikisoma haya nashindwa kumlaumu mtu.

Vifo vya mgodini vyenyewe vina kumbukumbu nzuri. Hartley, Northumberland, tarehe 16 Januari 1862, boriti ya mashine ya pampu ilikatika ikaziba shimo la pekee, wakafa watu 204. Oaks karibu na Barnsley, Desemba 1866, 361. Seaham 1880, 164. Orodha zipo na majina. Ila wengi walikufa mmoja mmoja, jiwe limeangukia mtu, kigari kimembana kijana, na hao pia wameandikwa, maana wakaguzi walioruhusiwa kushuka shimoni walianza baada ya sheria ya 1850 na ripoti zao zinataja marehemu. Saiti ya Durham Mining Museum ni hazina, unatafuta kwa jina au kwa mgodi. Umri aliokufa nao na nani anayemtegemea vinaweza kukufutia mshukiwa au kukueleza kwanini ndoa iliyokusudiwa haikufanyika. Wapo mabinti waliobaki na mimba kwasababu mchumba kafukiwa wiki mbili kabla ya harusi.

Kama ukoo wako ni wa Cornwall, kule ni shaba na bati, na kuna jambo lingine: wanaume walikwenda ng'ambo. Real del Monte Mexico tangu miaka ya 1820, Burra Australia Kusini kuanzia 1845, Michigan, na bei ya shaba ilipoanguka 1866 wakaondoka kwa wingi. Mke yuko nyumbani miaka minne mume yuko Australia, na mtoto anasajiliwa kwa jina la mume. Sheria ya Kiingereza ilikuwa inasema kama tunavyosema sisi, kitanda hakizai haramu, mtoto wa mke ni wa mume mpaka ithibitike vingine. Kwahiyo cheti kilichojaa vizuri nacho kinaweza kuficha. Angalia orodha za abiria wa meli kabla ya kuamini. Na kumbuka talaka ya mahakamani ilianza 1858 kwa bei ambayo mchimba hakuiweza, kwahiyo watu waliachana tu wakaanza upya na mwingine kijiji cha mbali wakijiita mume na mke. Ukitafuta ndoa yao miaka 20 ukaikosa, pengine haikuwepo.

Hatua ya 7: Fuata pesa

Kama kuna sehemu baba alitajwa kwa sauti, ni pale mtu alipodai matunzo. Kabla ya 1834 parokia ndo iliyokuwa inalisha maskini, kwahiyo wasimamizi walimbana binti mwenye mimba ataje mwanaume, wakamwandikisha huyo mwanaume dhamana ya kulipa. Hizo karatasi ziko kwenye kumbukumbu za parokia na zinataja majina yote mawili. Sheria ya Maskini ya 1834 ikageuza mzigo ukawa wa mama, ilikuwa sheria ya kikatili. Kuanzia 1844 mama akaruhusiwa kwenda mwenyewe mbele ya mahakimu wa wilaya kumshtaki baba, na ilibidi alete ushahidi wa kuunga mkono maneno yake, jirani aliyewaona wakitembea pamoja, barua, dada yake. Malipo yalikuwa hadi shilingi 2 na peni 6 kwa wiki, na sheria ya 1872 ikaruhusu hadi shilingi 5.

Rejesta nyingi za mahakama hizo zimepotea lakini magazeti yaliripoti. Kwa Durham tafuta Durham Chronicle na Durham County Advertiser, ziko kwenye British Newspaper Archive. Usitafute kwa jina la mama tu kwasababu mashine inayosoma maandishi ya zamani inakosea herufi, tafuta kwa jina la kijiji na neno "affiliation" au "bastardy", ndo majina ya kesi hizo za matunzo, kati ya mwezi mtoto alipozaliwa na mwaka mmoja mbele. Soma safu nzima ya mahakama kwa macho. Mimi nilisoma matoleo ya wiki 50 na nikaipata wiki ya 31, mistari minne, binti wetu dhidi ya J. na jina la ukoo, na lile jina la ukoo ndo lilelile la katikati la mtoto. Nililia. Nilimpigia mume wangu kazini.

Kumbukumbu za karatasi za kaunti ya Durham sasa ziko kwenye jengo linaloitwa The Story hapo Durham mjini. Nenda mwenyewe ukiweza, waeleze unatafuta nini, watu wa kumbukumbu wanapenda swali lililoandaliwa vizuri.

Hatua ya 8: DNA, na mpime mzee kwanza

DNA haina mama anayeogopa wala karani mwenye haraka, lakini inapungua kila kizazi, kwahiyo mpime mzee kuliko wote, usijipime wewe kijana ukaridhika. Shangazi alikubali kutema mate kwenye kichupa akiwa na miaka 84.

Kipimo cha kawaida, kile cha Ancestry au MyHeritage, kinakupa orodha ya watu mnaochangia DNA na kiasi kwa sentimogani, ndo kipimo cha DNA mnayochangia. Binamu wa kwanza ni kama 850 kwa wastani, wa pili 230 hivi, wa tatu 70 na kitu, na kuanzia wa tatu kwenda mbele wengine hamchangii chochote ingawa ni ndugu wa kweli, kwa binamu wa nne ni kama nusu yao tu wanaoonekana. Binamu wa nusu, yaani mnaoshiriki babu au bibi mmoja tu badala ya wote wawili, gawa kwa mbili. Kwahiyo kukosa mechi, yaani mtu mnayelingana DNA, sio ushahidi kwamba sio ndugu.

Unafanya hivi: watenge wote unaojua ni wa upande wa mama na wa ndoa zingine. Wanaobaki wapange kwa makundi ya wanaochangiana wao kwa wao. Kwa kila kundi jenga miti yao, hata kama wao wenyewe hawajajenga, mpaka ukute babu na bibi mmoja wanaojirudia. Kisha uliza, je hao babu na bibi walikuwa na mtoto wa kiume wa umri unaofaa kwenye kile kijiji? Lakini jihadhari na vijiji vya migodi, familia chache zimeoana vizazi vitatu mfululizo, mnachangia DNA kutoka njia mbili au tatu na namba inakuwa kubwa kuliko undugu wenyewe. Usitoe hukumu kwa mechi moja, tafuta walau watatu wanaotoka kwa watoto tofauti wa yule babu.

Kama mstari ni wa wanaume watupu kutoka kwa yule baba asiyejulikana mpaka kwa mtu aliye hai leo, pima pia kromosomu Y, kama FamilyTreeDNA wanavyofanya. Inapita baba kwa mwana karibu bila kubadilika, na watu unaolingana nao huenda wote wana jina moja la ukoo ambalo sio lako. Mume wangu alipima. Jina lililokuja kwenye mechi zake ndo lile la gazetini.

Hatua ya 9: Kuandika ulichopata

Andika kwenye mti kile tu unachoweza kukionyesha, na andika umejuaje, karatasi ipi, nani alisema. Kabla hujaweka hadharani ongea na walio hai, sio kila mtu anataka kuamka na babu mpya, na hao wenye DNA ya upande wa pili wana bibi yao ambaye labda hakuwahi kujua.

Sisi tulipo ni hapa. Sensa ya 1851 kwenye safu ya pili kutoka nyumba ya binti wetu kuna familia yenye lile jina la ukoo, na ndani yake kuna vijana wawili ndugu, John na Joseph, wote wanasukuma vigari vya makaa shimoni. Gazeti limeandika J. tu. Kromosomu Y ya ndugu wawili ni moja. John alikufa mgodini bila ndoa, Joseph aliolea kijiji kingine akahamia Australia, na kuna kitukuu wake kule ameshakubali kupima, ingawa kwa umbali huu tofauti kati ya Joseph kuwa baba na Joseph kuwa baba mdogo inaweza isionekane. Kichupa kiko njiani. Kwenye mti, pale kwa baba, nimeandika jina la ukoo, nikaweka J, nikaweka alama ya kuuliza, na tarehe ya lile gazeti. Kopi yake nimeiweka kwenye fremu pembeni ya picha ya mzee.